Kosa la Nani?

Katika lugha yetu kosa lina mwenyewe. Ukisema, "Kuna kosa hapa," mtu wa kwanza atakayekusikia atauliza, "La nani?" Mtoto akivunja mtungi amekosa. Mume akirudi alfajiri ana kosa, na mkosaji huomba radhi au hutozwa mbuzi. Hitilafu ni jambo jingine. Mashine ya kusaga inaweza kupata hitilafu na asipatikane mtu wa kutozwa. Lakini siku hizi kompyuta zimeingia katika kila shughuli yetu, na zinapokwama hutuandikia neno lilelile, kosa, bila kusema la nani. Nami nimeona kwa macho yangu kwamba kosa lisilotajiwa mwenyewe humwangukia aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni mnyonge.

Mimi ni kijana wa Mpanda mjini, mkoani Katavi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, nikapata kazi katika duka la steshenari. Mchana napiga chapa, natoa fotokopi na kuwajazia watu fomu zao kwenye intaneti. Usiku, mama mwenye duka akiniachia ufunguo, naandika riwaya kwenye kompyuta ileile. Nimefika sura ya tisa. Sura tatu za mwanzo niliwahi kumtumia mchapishaji mmoja na mpaka leo sijapata hata neno la kukataliwa, kwa hiyo ladha ya kimya naijua.

Asiyeijua Katavi asidhani kwamba kujaza fomu ni jambo dogo. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na ni mkoa wa umbali. Mtu wa Karema kule ziwani, wa Mwese milimani, wa Mishamo au wa Inyonga, akiwa na jambo zito la kompyuta, mara nyingi hufunga safari kuja mjini. Anakuja na nauli ya kwenda na kurudi, anatafuta ndugu wa kumlaza, anabeba vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki ili visilowe. Ukurasa wa intaneti ukimkatalia, hajapoteza dakika tano kama mtu wa mjini. Amepoteza gunia la mpunga.

Miaka michache iliyopita alikuja binti mmoja na mjomba wake, wametoka vijiji vya kando ya ziwa. Alikuwa anaomba nafasi ya chuo na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya maombi. Walikuwa wamechelewa kwa sababu ya gari kuharibika njiani. Nikawaambia msiwe na wasiwasi, muda upo. Nikaliandika jina lake kama lilivyo kwenye cheti, ritifaa na yote, nikaweka shule, mwaka, namba ya mtihani, tukajaza kurasa nne bila tabu. Ukurasa wa tano nikabonyeza palipoandikwa "Wasilisha". Kioo kikawa cheupe. Si cheupe chenye maandishi, la! Cheupe kama sanda.

Nikarudi nyuma, kila kitu kimefutika. Tukajaza upya. Cheupe. Tukajaza mara ya tatu, na safari hii watu watatu waliokuwa kwenye foleni wakaacha kunung'unika wakaja kuangalia. Cheupe vilevile.

Mjomba akamgeukia mpwa wake. "Umebonyeza nini wewe?"

Yule binti mikono yake ilikuwa mapajani muda wote. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani mjomba."

Nikapiga simu namba iliyokuwa chini ya ukurasa. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole.

"Kosa linasemaje?" akauliza.

"Halisemi kitu, kaka. Ukurasa ni mweupe."

"Aa, basi huko kwenu mtandao unasumbua. Jaribuni baadaye."

Mtandao haukuwa unasumbua, kurasa nyingine zote zilikuwa zinafunguka. Tulijaribu hadi mama mwenye duka akaja kufunga, tukaendelea kwenye simu yangu, na saa sita usiku dirisha la maombi likafungwa. Yule binti akapoteza mwaka mzima. Alipokuwa anaondoka asubuhi yake alinishukuru kwa usumbufu. Yaani yeye ndiye aliyeomba radhi, na yeye ndiye aliyeshukuru.

Tangu siku ile neno "mtandao unasumbua" likawa linanikera. Mtandao kwetu umekuwa kama shetani wa zamani, kila jambo lisilo na maelezo anatwishwa yeye. Kwa kuwa hana ofisi, hana jina, wala haonekani, basi kesi inaishia hapo. Nikataka kujua hasa nini hutokea nyuma ya ukurasa mweupe.

Bahati nzuri nyuma ya duka letu kuna meza anayoikodi kijana mmoja anayetengeneza kurasa za intaneti. Sisi tunamwita Fundi tu. Nilimweleza habari ya yule binti, akatikisa kichwa, akaanza kunifundisha kwa mfano.

"Ukurasa kama ule haupikwi hapa kwenye kompyuta yako," alisema. "Wewe umekaa mezani kwa mama ntilie. Unaagiza, agizo linakwenda jikoni, na jiko liko mbali, pengine Dar es Salaam, pengine Ulaya. Kule kuna kompyuta inaitwa seva, na ndani ya seva kuna skripti, ambayo ni maelekezo ya mapishi. Skripti inapokea jina lako, inaliuliza ghala la kumbukumbu, yaani kanzidata, inapika ukurasa, ndipo sahani inaletwa mezani. Sasa sufuria likimwagika kule jikoni, wewe utaona nini? Utaletewa sahani tupu."

Nikaelewa kwamba kubonyeza kwangu hakukuwa na uhusiano wowote na lililotokea. Sufuria lilimwagika jikoni.

Fundi anapikia lugha inayoitwa PHP. Aliianzisha Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, mwaka 1994, naye alitaka tu kujua ni watu gani wanaosoma wasifu wake kwenye intaneti. Mwaka 1995 akaitoa hadharani. Mwaka 1997 vijana wawili wa Israeli, Andi Gutmans na Zeev Suraski, wakauandika upya moyo wa lugha hiyo, wakaacha ndani yake maneno mawili ya Kiebrania: paamayim nekudotayim. Maana yake ni nukta pacha mara mbili. Basi kwa miaka mingi mtu wa India au wa Brazili aliyeweka nukta pacha mahali pasipofaa alitupiwa usoni maneno hayo, akabaki anashangaa amelaaniwa na nani. Mimi kama mtu wa kalamu niliipenda hadithi hiyo, nikaona wivu pia, kwamba kuna watu walioingiza lugha ya mama zao katika kinywa cha mashine. Lakini niliona na upande wa pili. Ujumbe unaweza kuwa kweli tupu na bado usimsaidie anayeusoma.

Fundi aliyagawa makosa mafungu matatu. La kwanza ni kosa la maandishi: umesahau mabano au nukta mkato, skripti haianzi kabisa. Hilo si la kuogopwa sana, maana linaonekana mapema. La pili ni kosa la safarini: sentensi zote ni sahihi, lakini katikati ya njia kanzidata haijibu, faili halipo, au diski imejaa, na skripti inakatika. La tatu ndilo baya. Hakuna kinachokatika, hakuna onyo, ukurasa unatoka mzuri, ila ulichoandikwa ni uongo.

Mfano wa hilo la tatu Afrika Mashariki nzima iliuona. Katika uchaguzi wa Kenya wa Machi 2013, matokeo ya awali yalionyeshwa kwenye vioo vikubwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, na kura zilizokataliwa zikawa zinapanda hadi kuzidi 300,000. Watu wakaanza kuulizana. Wapiga kura wamesahau kupiga kura? Vyama vikaanza kubishana kama kura hizo zihesabiwe katika asilimia. Baadaye mwenyekiti wa tume, Ahmed Issack Hassan, alieleza kwamba hitilafu ya programu ilikuwa inazizidisha kura hizo mara nane. Tazama basi: mashine haikusimama wala haikulia. Ilizidisha tu kimya kimya, na kwa siku kadhaa mwananchi ndiye aliyeonekana hajui kuweka alama kwenye karatasi.

"Ndiyo maana kosa linalopiga kelele ni rafiki," Fundi alisema. "Kazi yangu si kulinyamazisha. Kazi yangu ni kulichagulia wa kulisikia."

Hapo ndipo aliponionyesha jambo ambalo kwangu limekuwa somo la uandishi kuliko lolote nililopata shuleni. Kosa moja lina wasomaji wawili. Wa kwanza ni mteja aliyekaa mezani, wa pili ni fundi atakayeingia jikoni. Hawa wawili hawawezi kusoma maandishi mamoja. Fikiria reli yetu ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, ambayo Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Treni ikikwama, mtu wa reli anapaswa kuandika daftarini saa, mahali na kifaa kilichoharibika. Abiria hahitaji kujua jina la kifaa. Anahitaji kuambiwa treni haiji leo, tiketi yake bado halali, aende akalale. Ukimpa abiria lile daftari umemchanganya, na ukimnyima yote mawili umemdhulumu.

Katika PHP kuna swichi mbili za jambo hilo. Moja huonyesha makosa kwenye kioo, nyingine huyaandika katika faili kwenye seva, ambalo mimi naliita daftari la matukio. Fundi anapofanya kazi mezani kwake huwasha zote mbili. Ukurasa ukishatoka kwenda kwa watu, huizima ya kwanza na kuiacha ya pili. Kwa nini huizima? Kwa sababu ujumbe wa kifundi husema mengi mno: faili limekaa wapi, jedwali la kanzidata linaitwaje, mara nyingine hata sehemu ya siri yenyewe. Ni kumwonyesha mpita njia kwamba ufunguo wa nyumba umefichwa chini ya mkeka. Sasa wako mafundi wanaoizima ya kwanza wakasahau kuiwasha ya pili, wala wasiandike neno lolote la kumwambia mteja. Hapo ndipo unapozaliwa ule weupe wa sanda.

Wako na wavivu zaidi. Ukiweka alama ya @ mbele ya agizo katika PHP, maonyo ya agizo hilo yanazibwa mdomo. Vilevile lugha inakuruhusu kulidaka kosa kabla halijaangusha skripti, jambo ambalo ni jema, lakini wengine hulidaka wakalitupa, hawaandiki popote. Kwa nje mambo shwari, kwa ndani mchwa wanakula boriti.

Basi ikatokea kwamba chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa tumbaku kikampa Fundi kazi. Walitaka ukurasa ambao mwanachama akiwa na simu aweze kuona kilo zake, madaraja yake na mkopo wake wa pembejeo, na kusahihisha jina na namba ya kupokelea malipo. Siku moja jioni Fundi akanigeukia.

"Wewe si unajiita mwandishi? Niandikie maneno ya kutoka kosa likitokea."

Yeye alikuwa ameweka ya muda: "Kosa! Taarifa si sahihi." Nikamwambia kaka, hayo hayafai hata kwa muda. Taarifa za nani si sahihi? Mzee wa watu atakaa chini ya mwembe akiisoma namba yake mara kumi, wakati kilichokufa ni kanzidata yako. Tukakubaliana kwanza tutenganishe. Mkulima akiandika namba ya simu pungufu, hilo ni la kwake, aambiwe kwa adabu ni kisanduku kipi na kina upungufu gani, na vile vingine alivyokwisha kujaza visifutwe. Lakini jiko likimwagika, hilo ni letu, tuseme ni letu.

Niliandika usiku mzima kana kwamba ni sura ya riwaya. Mwisho zikabaki sentensi nne: "Samahani, mfumo wetu umekwama, si wewe uliyekosea. Ulichoandika sasa hivi hakijahifadhiwa, na kumbukumbu zako za zamani ziko salama. Tafadhali usijaze tena leo. Piga simu ofisini ututajie namba hii." Na chini yake namba fupi ya herufi na tarakimu.

Fundi alisoma, akakuna kichwa. "Sentensi ya pili imeniletea kazi," alisema. "Kwa sasa si kweli. Skripti ikikatika katikati, jina linaweza kuwa limeshabadilika na namba ya malipo haijabadilika."

"Basi ifanye iwe kweli," nikamwambia.

Akakaa siku mbili akirekebisha, hadi mabadiliko yote yakawa yanakwenda pamoja: ama yote yanaingia, ama hakuna linaloingia hata moja. Mimi sikuwahi kuandika sentensi iliyomlazimisha mtu kufanya kazi siku mbili ili iwe kweli. Katika riwaya tunaandika tunavyotaka na hakuna anayekaguliwa.

Ile namba fupi ndiyo kamba inayowaunganisha wale wasomaji wawili. Kila kosa hupata namba yake. Mteja huiona kwenye kioo, na daftarini namba hiyohiyo inaandikwa pamoja na saa, ukurasa, mstari wa skripti na kilichokuwa kinafanyika. Nywila na namba za vitambulisho haziandikwi, kwa maana daftari nalo lina macho ya watu. Tena seva huambatisha kila jibu tarakimu tatu ambazo mashine nyingine husoma. 200 maana yake mambo mazuri. Zinazoanzia 400 zinasema kasoro iko kwa aliyeomba, zinazoanzia 500 zinasema kasoro iko kwa seva yenyewe. Ukiomba radhi kwa maneno matamu huku tarakimu ni 200, unaziambia mashine zinazokulinda kwamba hakuna lililoharibika. Nilipoelezwa hayo nilicheka. Kumbe hata waliotunga kanuni hizo walikuwa na swali letu la Kiswahili: la nani?

Haukupita msimu. Alasiri moja simu ya ofisi ya chama ikapigwa, karani hayupo, ikaelekezwa kwetu. Nikapokea mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine yenu imeniambia si mimi niliyekosea. Ni kweli?"

"Ni kweli mzee. Si wewe."

Akanyamaza kidogo. "Haya, andika namba."

Akaisoma polepole, herufi kwa herufi. Fundi akafungua daftari la matukio, akaitafuta, dakika mbili hazijaisha akapiga meza. Jina la ukoo la yule mzee linaanza na Ng'w, kama majina mengi ya Wasukuma waliohamia na mifugo na mashamba yao katika mkoa wetu. Kanzidata huzungumza lugha iitwayo SQL, na katika SQL alama kama ile ya ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Skripti ya ukurasa mmoja, ambayo Fundi aliirithi kutoka kwa mtu aliyemtangulia katika kazi ile, ilikuwa inalichomeka jina moja kwa moja ndani ya agizo. Ikifika kwenye ritifaa ya Ng'w, SQL inadhani jina limeisha, mabaki ya jina yanageuka maneno yasiyo na maana, agizo linaanguka. Mlango huohuo mwizi anaweza kuutumia kuandika maagizo yake mwenyewe mahali pa jina. Dawa yake ni agizo kutangulia peke yake likiwa na nafasi tupu, kisha jina kupelekwa kando, ili lisisomwe kamwe kama agizo.

Marekebisho hayakumaliza saa moja. Lakini Fundi hakufunga daftari. Akalirudia kwa nyuma, akakuta wengine sita walioangukia mstari uleule, wote wenye Ng' katika majina yao, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Akawapigia yeye. Mama mmoja alimwambia alikuwa ameshaamua kulibadilisha jina lake, aandike bila ile alama, kwa kuwa "kompyuta hailitaki."

Ndugu msomaji, hebu lipime jambo hilo. Mtu yu tayari kulikata jina alilopewa na babu yake kwa sababu mahali fulani mtu hakuchomeka jina panapostahili. Usiku ule nilimkumbuka yule binti wa kando ya ziwa, ambaye jina lake nililiandika ritifaa na yote. Je, ndilo lililomwaga sufuria? Huenda ndilo, huenda kilikuwa kingine kabisa. Hakupewa namba yoyote ya kutaja, na aliyepokea simu hakuandika kitu, kwa hiyo hakuna atakayejua kamwe. Kimya hakikumnyima chuo peke yake, kilimnyima na sababu.

Wala tusidhani ni mambo ya nchi maskini. Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha katika posta ndogo ndogo za mitaani na vijijini. Waendesha posta waliapa hawakuchukua kitu. Wengi wao walijibiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo, kumbe mafundi walikuwa na orodha ya makosa yanayojulikana. Kufikia mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa. Mwaka 2010 mwanamke mmoja alipelekwa gerezani akiwa mjamzito. Wako waliofilisika, wako waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu huko London ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na makosa yanayoweza kuzaa upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta hukumu zile kwa mkupuo. Miaka ishirini na mitano! Kosa lilikuwa la mashine, likaandikwa kwa jina la aliyesimama dirishani. Daftari lilikuwepo, ila lilifichwa kwa yule aliyelihitaji kuliko wote.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande tatu. Kwa mafundi: wekeni daftari, lisomeni kila siku hata kama hakuna aliyelalamika, maana wanyonge hawalalamiki, huomba radhi. Kwa wananchi: ukurasa ukigoma, usiseme tu mtandao unasumbua. Andika saa, andika ulikuwa ukurasa gani na umebonyeza nini, piga picha kioo, taja namba kama ipo. Taarifa ya namna hiyo fundi hawezi kuikimbia. Na kwa waandishi chipukizi wenzangu: tusiidharau kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, kwa hiyo hatuwezi kusema lugha yetu haiwezi. Maneno tunayo. Tunalo kosa, tunayo hitilafu, tunayo dosari, tunalo na kukwama, na kila moja linamweka mtu mwingine kizimbani au linamwachia huru. Kuchagua kati yao ni kazi ya mtu wa kalamu.

Riwaya yangu bado iko sura ya tisa. Mpaka leo maandishi yangu yaliyosomwa na watu wengi kuliko yote ni zile sentensi nne, hazina jina langu, na kila msimu wa tumbaku naomba zisomwe na watu wachache zaidi.